Tulale mu oteli ya Disneyland ao inje kidogo?

SWALI: Dada, tunaenda kuona shangazi Ubelgiji, basi batoto batatu (miaka 2, 6 na 9) banalilia Disneyland Paris. Bwana anataka oteli ya inje juu ya bei, miye nataka ya mule ndani. Nani iko na haki?
Mama wa Himbi, Goma

JIBU: Mama, kwa makuta baba anakushinda. Ila mbele ya kulipa mupige hesabu yote pamoja, sababu oteli za Disney mara mingi bei yao inakuwa na tiketi za kuingia ndani, ya inje unalipa chumba kisha tiketi mbali. Ule wa miaka 2 anaingia bure.

Ya ndani utamu wake ni asubuhi: unaingia mbele ya wengine, na saa ya mangaribi, mudogo ashalala mugongoni mu kitenge, soksi moja imepotea, mukubwa analia miguu, munatembea tu munafika kitandani. Na mukiwa siku mbili, muchana munarudia kusinzia kidogo.

Kama ni siku moja tu, miye ningelala Val d'Europe, mutaa wa karibu na park. Ni kituo kimoja cha treni ya RER A mpaka Marne-la-Vallée Chessy, na pale unatoka mulango wa park iko mbele yako. Kule kuko vyumba vyenye jiko, utasonga hata bugali (unga ubebe yako!). Uliza tu kama oteli iko na naveti (basi ya kupeleka na kurudisha wageni) na ya mwisho inatoka saa ngapi, juu fataki zinapigwa usiku.