Folda imo katika diski ipi: findmnt -T
Sheikh, ili kujua folda ya nakala za akiba imo katika diski ipi, kwenye kompyuta ya Linux andika amri ya findmnt -T ukifuatishia njia ya folda hiyo. Bila ya -T, amri hunyamaza iwapo njia uliyoitaja si mahali hasa palipopachikwa diski (yaani folda ambayo diski imeunganishwa nayo ili isomeke), na hapo ndipo wengi hudhani kuwa imeharibika. Taarifa zake huzisoma kwenye /proc/self/mountinfo, yaani kutoka kwa kerneli yenyewe (kiini cha mfumo), na amri hii ndiyo tunayoitegemea kwenye seva ya ofisini kwetu Chake Chake, hasa umeme unaporudi na diski ya nje ikakosa kupachikwa. Tahadhari ni kwamba findmnt -s husoma /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski zinazotakiwa kupachikwa, kwa hiyo huonesha yaliyoandikwa humo, hata kama diski haijapachikwa.