Kabla Hujalala Kuumikwa: Ninayomwambia Kila Anayeniuliza

Leso ilinidondoka begani nikimpima mteja, naye akaona shingoni mwangu alama tatu za duara, za rangi ya zambarau. Akanyamaza. Nilipomaliza kumpima kiuno akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, nyumbani ni salama?"

Nilicheka mpaka futi ya kupimia ikanianguka. "Ni hijama, mwanangu. Mume wangu hata mende humwonea huruma."

Tangu siku hiyo nimeulizwa maswali mengi sana kibandani kwangu hapa Majengo, ya hijama, yaani kuumikwa kwa vikombe, na ya sindano za Kichina, yaani akupancha, mpaka nimeona niyaandike. Mimi si tabibu. Ni fundi wa nguo niliyeinamia cherehani miaka 19 mpaka shingo ikagoma, na tiba hizi mbili nimezipitia zote, kwa uzuri wake na kwa ubaya wake.

Sisi wa pwani si wageni wa kuumika. Nyanyangu aliumikwa kwa pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani: muumishi anaikandamiza penye maumivu, anafyonza hewa kwa mdomo, kisha anaziba tundu kwa nta. Pembe ile ndiyo chuku. Na kupiga chuku, kama ujuavyo, ni pia kuyatia maneno chumvi. Lugha yetu iliona mbali, maana kikombe na sindano havijaniumiza kama zilivyoniumiza chuku za mdomoni.

Ilikuwa mwisho wa Ramadhani, madera na kanzu za Idi zimejaa mpaka dirishani, nashona hadi daku. Shingo ikakaza, maumivu yakashuka begani mpaka kwenye kiwiko. Kitu kimoja nilichokifanya sawasawa ni kwenda hospitali kwanza. Daktari alinigeuza shingo, akanigonga viungo, akanipiga picha, akasema ni misuli iliyochoka, mfupa uko salama. Ukiwa na maumivu mapya usianze kwenye vikombe. Kama mkono unakufa ganzi na kupoteza nguvu, kama maumivu ya mgongo yamekuja pamoja na homa au na kushindwa kuzuia mkojo, kama ni kifua kinabana, hayo si ya hijama. Hayo ni ya hospitali, tena leo hii.

Dawa za maumivu nilizopewa zilinichoma tumbo. Jirani akanipeleka nyumba fulani, sitaitaja. Mwenyewe akaniambia nije tumbo tupu, nami nikazidisha: sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu usiku wa jana yake. Akanichanja, akanitia vikombe saba vya kuvuta damu, akavitoa, akanionyesha damu iliyoganda kama ini. "Ona uchafu wote huu uliokuwa ndani yako!" Nikaona kweli uchafu. Nikainuka haraka nivae, dunia ikageuka nyeusi, nikaamka niko sakafuni na nundu ya kipaji.

Hapo kuna mafunzo mengi, wacha niyafumue moja moja kama pindo.

La chakula kwanza. Kula kitu chepesi saa mbili au tatu kabla, mkate na chai au uji, na unywe maji ya kutosha, hasa msimu wa kaskazi tunapotokwa jasho hata tumekaa. Tumbo lililojaa pilau nalo halifai, utalala kifudifudi ukitweta. Ukimaliza, usisimame papo hapo. Kaa ukingoni mwa kitanda, kunywa maji, ndipo uinuke. Ukijijua ni mtu wa kuzirai ukiona damu, sema mapema. Hakuna aibu.

Kisha ile damu "chafu". Damu ikishatoka mwilini huganda, ndiyo kazi yake. Ndani ya kikombe imevutwa kidogo kidogo, imekaa dakika kadhaa, basi ni lazima iwe nzito na nyeusi. Ukijikata jikoni ukaiacha damu juu ya sahani, itakuwa vivyo hivyo. Kazi ya kuisafisha damu inafanywa na figo na ini usiku na mchana, bila kikombe. Nimeonyeshwa vikombe vile mara tatu na watu watatu tofauti, na kila mmoja alisema uchafu wangu ni mwingi kuliko wa wengine wote.

La tatu ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikio langu la kulia lina kovu la kuvimba tangu nilipotobolewa nikiwa mtoto. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Zile chale za begani zikapona vizuri, kisha baada ya miezi zikaanza kuinuka. Sasa nina makovu mawili kama punje za mbaazi, yanawasha jua likiwa kali. Madaktari huyaita keloidi, na sisi wenye ngozi nyeusi huyapata zaidi kuliko watu weupe. Ikiwa kidonda chako chochote kimewahi kuacha kovu lililoinuka, usikubali kuchanjwa. Omba hijama kavu.

Maana ziko za namna kadhaa. Kavu ni kikombe kinachovuta ngozi peke yake, hakuna wembe. Ya kuteleza, ngozi inapakwa mafuta kisha kikombe kinaburutwa juu ya msuli. Huu kwangu ndio mtamu kuliko wote. Ya damu ndiyo ile ya chale. Vikombe navyo, vingine huvutwa hewa kwa pampu ndogo ya mkono, vingine ni vya kioo na hutiwa moto kwa pamba yenye spiriti. Ukifanyiwa ya moto, waambie wazime feni ya darini kwanza. Nimeona ulimi wa moto ukiyumba juu ya mgongo wa mtu, sitaki kuona tena.

Alama za duara ni damu iliyovilia chini ya ngozi. Huondoka zenyewe kwa siku chache hadi wiki mbili, wala weusi wake si kipimo cha ugonjwa. Vijana wa jimu wanazionea fahari tangu walipomwona Michael Phelps nazo mabegani katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Wewe ukiwa na harusi na unataka gauni la mgongo wazi, panga tarehe yako vizuri. Bibi harusi wangu mmoja ilibidi nimwongezee lesi usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Sasa usafi, na hapa usimwonee mtu haya. Wembe ufunguliwe mbele ya macho yako, utumike kwako, utupwe kwenye kopo gumu la vitu vyenye ncha. Glavu ziwe mpya. Vikombe vya hijama ya damu viwe vipya au vimetakaswa kwa kifaa cha kuulia vijidudu. Kusuuzwa kwenye ndoo yenye sabuni hakutoshi. Homa ya ini na virusi vya Ukimwi hupita kwenye damu, na damu haijali kama mwenyewe ni ustadhi au la. Nyumba ile ya kwanza kulikuwa na ndoo. Niliiona, nikaona haya kusema. Nilipimwa baada ya hapo, alhamdulillahi niko salama, lakini wiki zile za kungojea sizitaki tena.

Kuna na suala la siku. Wengi wetu tunapenda tarehe 17, 19 na 21 za mwezi mwandamo, kwa kufuata Sunna. Sina neno juu ya nia ya mtu. Ninachokiona ni kwamba siku hizo foleni hufika barazani, na palipo na haraka ndipo mkono husahau kubadilisha glavu. Ukiweza, weka miadi ya mapema asubuhi, mkono wa muumishi ukiwa haujachoka.

Tuje kwenye sindano. Akupancha nilipelekwa na mpwa wangu, ambaye ni muuguzi, baada ya kisa cha nundu. Yeye ndiye aliyenisomea kwamba Uingereza, taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, mwaka 2021 iliitaja akupancha miongoni mwa tiba za kufikiriwa kwa maumivu sugu yasiyoelezeka kwa ugonjwa mwingine. Akaniambia pia upande wa pili: katika majaribio mengi, sindano za kudanganyia, zilizochomwa pasipo pahali pake, nazo zimewapa watu nafuu, na ndiyo sababu wataalamu wanaendelea kubishana. Kwa hijama ushahidi ni mwembamba zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa vikombe au sindano vinaponya kisukari, saratani au ugumba, hiyo ni chuku. Na usiache dawa yako ya presha eti umeumikwa. Hakuna muumishi wa kweli atakayekuambia uiache.

Daktari wa sindano aliniuliza maswali karibu nusu saa. Nalalaje, nakwenda choo vipi, nakunywa dawa gani. Akaniangalia ulimi, akanishika mapigo ya mikono yote miwili. Ukutani kulikuwa na picha ya mtu mwenye nukta mwili mzima. Nukta za asili za kuchomea sindano ni 361, akasema, na Wachina huamini kwamba katika njia zake hupita nguvu waiitayo chi. Mimi chi sijaiona, lakini maswali yale yalinipa imani. Mtu asiyekuuliza kitu kabla ya kukuchoma, ondoka.

Ya lazima kumwambia, hata asipouliza: kama una mimba, au unadhani huenda unayo, kwa sababu kuna nukta, mojawapo ni ile ya kati ya kidole gumba na cha shahada, ambazo wajawazito hawachomwi. Kama unatumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, mfano warfarini. Kama una selimundu, upungufu wa damu, au kisukari kinachochelewesha vidonda. Kama una kifaa cha moyo kifuani, usifungwe zile waya za umeme mdogo ambazo baadhi yao huziunga kwenye sindano. Mambo haya muumishi naye ayasikie.

Unataka kujua kama inauma. Naijua sindano, nimejichoma mara elfu. Hii ni nyembamba karibu na unywele, haina tundu ndani kama ya hospitali, nayo inaingia kabla hujamaliza kukunja uso. Kisha huja kitu kingine: uzito, ganzi, kama umeme unaotambaa. Huo ni wa kawaida. Maumivu makali ya kukata si ya kawaida, sema mara moja. Utalala nazo dakika 20 hadi 30, usijinyooshe. Mimi nilipitiwa na usingizi nikakoroma.

Alipozitoa nilizihesabu: 11 ziliingia, 11 zikatoka. Ni mazoea ya kazi, sikabidhi gauni kabla ya kuhesabu pini. Daktari hakuchukia, alisema na yeye huhesabu. Kila sindano itoke kwenye pakiti iliyofungwa, itumike mara moja tu. Na ukichomwa maeneo ya bega au kifua, kisha ukaanza kubanwa na pumzi, hata kama ni saa kadhaa baadaye, kimbilia hospitali. Mara chache sana sindano hugusa pafu, lakini ikigusa si jambo la kungojea asubuhi.

Kuna pia majani makavu wanayoyachoma karibu na ngozi ili kuipasha joto. Harufu yake, Mungu anisamehe, ni ya bangi. Nilirudi nyumbani na maelezo yangu tayari mdomoni.

Mambo madogo madogo. Vaa dera pana, na uende na leso zako mbili, moja ya kutandika na moja ya kujifunika. Una haki ya kuomba akutibu mwanamke mwenzako, na ya kuwa na mtu wako chumbani. Uliza mapema kama bei ni ya kikao au ya kila kikombe, maana vikombe huongezeka ukiwa umelala kifudifudi huwezi kuhesabu. Leseni ya biashara ya kaunti iliyotundikwa ukutani si cheti cha utabibu. Hata mimi fundi ninayo. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inazitambua tiba za jadi na tiba mbadala, lakini wewe uliza amesomea wapi na kwa muda gani. Baada ya hijama ya damu weka chale kavu siku nzima, na bahari uiache mpaka zifunge. Zikivimba, zikitoa usaha, au ukipata homa, nenda kaonwe.

Sindano huhitaji vikao kadhaa, aghalabu mara moja au mbili kwa wiki. Mimi nilijiwekea sita: nisipoona mabadiliko, basi. Baada ya cha nne niliweza kugeuza shingo kutazama nyuma nikiwa kwenye tuktuk. Hijama kavu naifanya mara moja moja, kabla ya msimu wa harusi. Ya damu nimeiaga.

Ila niseme na hili, nisije nikapiga chuku na mimi. Kikao cha tano, daktari aliniletea suruali yake nimkatie pindo. Akasimama mlangoni akinitazama nikishona, akauliza mbona meza ya cherehani iko chini hivyo. Jioni ile kijana wangu akaiinua kwa matofali mawili kila upande, na kiti nikakitia mto. Shingo imetulia tangu hapo, na jirani akiniuliza kilichonisaidia ni sindano au ni matofali, namwonyesha vyote viwili.