Nyama anakula, chai inampalia

Sisi tuligundua kwa vikombe. Baba, ambaye miaka yote alikuwa anamaliza chai kabla hatujakaa mezani, akaanza kuacha nusu. Ukimuuliza anasema imepoa. Nyama kala, ndizi kala, kikombe kimebaki. Akipiga mafunda mawili matatu anakohoa mpaka machozi yanamtoka, halafu akiongea sauti yake ina majimaji. Tukasema uzee. Shangazi akashuka kutoka Kibosho, akasema hiyo ni baridi ya Julai, avae sweta.

Alikuwa amepata kiharusi chepesi mwaka uliotangulia, na hatukuunganisha mambo hayo mawili. Ndani ya miezi minne akaugua nimonia mara mbili. Mara zote alipewa antibayotiki tukarudi nyumbani, na hakuna aliyeuliza mzee anakulaje. Nasi hatukusema, maana nani anaenda kwa daktari kushtaki kikombe cha chai?

Mara ya tatu tulikutana na daktari aliyempa maji kijiko kimoja, akamwekea vidole kwenye koromeo na kumwambia, "Mzee, meza." Akanishika mkono na mimi nikaliguse. Koromeo lilikaa kwanza, ndipo likapanda. Akatueleza kwamba mtu akimeza, koromeo hupanda na njia ya hewa hufungwa, chakula kipite nyuma kwenda kwenye umio, yaani njia ya chakula, na yote hayo ni kazi ya kama sekunde moja. Misuli ikichelewa, chenye mbio ndicho kinachowahi kuingia kwenye mapafu. Tonge la ugali linasubiri. Chai haisubiri.

Kwa hiyo tulianza na kukaa. Sofa tuliiachia wageni. Baba anakula kwenye kiti cha mbao, mgongo wima, nyayo zimekanyaga sakafu, televisheni imezimwa. Anakunywa kwa kijiko, na akimeza anainamisha kidevu kidogo (kwake ilifaa, ila mtaalamu ndiye aseme kama inamfaa mzee wako). Akimaliza halali mpaka nusu saa ipite. Na mswaki baada ya kula, hata kwa meno yake matano, kwa sababu uchafu wa kinywani ukishuka na mate kwenye mapafu ndio unaoleta hiyo nimonia.

Kwenye chakula sisi wa Moshi tuna bahati ya mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Ukipondwa ukalainika, nyama ikasagwa isibaki na nyuzi, unateremka vizuri. Makande tuliyaweka kando: punje ngumu ndani ya mchuzi mwepesi, mdomo haujui ushughulike na kipi. Uji tulikuwa tunaupima kwa uma: ukichuruzika moja kwa moja ni mwepesi mno kwa baba. Lakini tulikosea tukafanya kila kitu kizito, hata maji, naye akachoka kunywa. Siku chache tu mkojo ukawa na rangi ya chai ile ile aliyokuwa anaikataa. Uzito wa vinywaji muulize anayemwona mgonjwa, usijipangie.

Mazoezi yalikuwa vita. La kwanza ni kumeza kwa nguvu, kama mtu anayemeza kidonge kikubwa bila maji. Hilo alilikubali. La pili wanaliita Shaker, kwa jina la daktari wa Marekani aliyelianzisha: unalala chali bila mto, mabega chini, unainua kichwa peke yake uone vidole vya miguu. Shingo ya baba ilikataa, na mwenye matatizo ya shingo asilijaribu. Tukapewa mbadala. Nilinunua mpira wa watoto Mbuyuni, ukubwa wa balungi, akawa anaubana kati ya kidevu na kifua akiwa amekaa.

"Mama, hivi ndivyo mnavyonichezea uzeeni?"

"Bana tu, baba. Hesabu mpaka kumi."

Alihesabu Kichagga, kwa kasi, ili amalize. Ilibidi nihesabu mimi. Wiki ya sita hivi ndipo nilipogusa tena koromeo lake nikaona limeacha kusitasita.

Wapo wazee wasiokohoa kabisa na bado chakula kinaingia kusikostahili. Kwao angalia homa za mara kwa mara, kupungua uzito, na mlo unaozidi kuwa mrefu. Na kama ni kinyume cha baba, maji yanapita lakini nyama na ugali vinakwama kifuani, achana na mpira. Saratani ya umio ipo sana ukanda huu wetu. Mpelekeni mapema akaangaliwe kwa kamera, hospitali ya KCMC hapa Moshi wanafanya kipimo hicho.

Mbege aliiulizia, bila shaka. Tulimwambia pombe inalegeza koo, akanuna siku mbili.

Kikombe kimoja sasa kinamchukua nusu saa, kijiko kwa kijiko. Akifika katikati chai imepoa kweli, naye anaagiza irudishwe jikoni.