Yai limeiva, kijidudu kiko hai: maswali yenu kuhusu protini za maji ya moto

Mwezi wa Desemba tulikwenda Ziwa Bogoria na watoto, tukachemsha mayai kwenye chemchemi. Dereva akatuambia humo humo mna viumbe hai. Mbona vyenyewe haviivi? (Mzazi, Nakuru)

Dereva wenu hakuwadanganya. Tuanze na yai. Ute wake ni maji karibu sehemu tisa kwa kumi, na kinachobaki karibu chote ni protini. Protini ni mnyororo mrefu wa amino asidi, yaani vipande vidogo vinavyoijenga, uliojikunja ukawa kidonge chenye umbo lake maalumu, na zile sehemu zisizopatana na maji, kama mafuta yasivyopatana nayo, zimejificha katikati. Joto likipanda kidonge kinatikisika, kinatikisika, mwisho kinafumuka. Sehemu zilizojificha zinabaki wazi, zinamng'ang'ania jirani, jirani naye anamng'ang'ania mwenzake, mpaka ute mzima umekuwa wavu ulionasa maji. Ndiyo weupe ule mliouona wanao walipomenya ganda. Poza yai utakavyo, halirudi kuwa bichi, kwa sababu nyuzi zimeshatatizana.

Sasa kijidudu cha chemchemi nacho kimejaa protini, tena hakina blanketi. Kiumbe kidogo namna ile, ndani yake mna moto ule ule wa maji yanayokizunguka. Hakina pa kukimbilia. Kila protini yake lazima istahimili joto yenyewe.

Je, protini hizo zimejengwa kwa amino asidi za pekee? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro)

Hapana. Ni zile zile 20 unazozikariri kwa ajili ya mtihani, na mara nyingi hata umbo la jumla ni lile lile la protini ya ndugu zao wa maji baridi. Tofauti iko kwenye ususi. Weka mikeka miwili ya ukindu sakafuni: mmoja ukili wake umebanwa hata mwanga haupenyi, mwingine umeachiwa. Ukindu ni mmoja, lakini ujue upi utafumuka kwanza.

Katika protini hizi kiini kimejazwa vizuri, mapengo ni machache. Vitanzi vinavyoning'inia nje mara nyingi vimefupishwa. Prolini, amino asidi ambayo haipindiki ovyo, huonekana mahali ambapo mnyororo ungetaka kuchezacheza. Amino asidi mbili, asparajini na glutamini, hupunguzwa kwa kuwa kwenye moto mkali huharibika zenyewe.

Lakini kinachonivutia mimi zaidi ni chaji za umeme. Amino asidi za lisini na arjinini zina chaji chanya, glutamati ina chaji hasi. Zikikaa karibu zinavutana kama vishikizo. Iko kimeng'enya kimoja (kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini mwa kiumbe), glutamati dihaidrojenesi, cha kijidudu Pyrococcus furiosus kilichopatikana kwenye kisiwa cha Vulcano, Italia, ambacho hustawi kwenye nyuzijoto 100. Kimeng'enya hicho ni minyororo sita iliyoungana. Umbo lake lilipochapishwa mwaka 1995, watafiti walikuta chaji hazikukaa mbili mbili tu. Zimeshikana mtandao kwa mtandao, na mtandao mkubwa kuliko yote una amino asidi 18.

Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita. Maji ya kawaida huzizingira chaji na kuufifisha mvuto wake. Yakikaribia kuchemka, uwezo wake huo hupungua kwa kama theluthi moja. Kwa hiyo kishikizo ambacho kwenye ubaridi hakina faida kubwa, kwenye moto kinalipa.

Ukimsikia mtu anakwambia siri ni moja tu, mkatalie kwa adabu. Kila protini ina mchanganyiko wake wa hila ndogo ndogo.

Kama ni imara hivyo, mbona sisi hatukupewa? (Fundi seremala, Tanga)

Fundi, wewe unajua bawaba. Ukiikaza kupita kiasi mlango hauanguki, lakini pia haufunguki. Kimeng'enya hufanya kazi kwa kufunguka na kujifunga, na kile kilichobanwa kwa ajili ya nyuzijoto 100, kwenye 37 za mwili wako huwa kizito. Hata hivyo hiyo si sheria isiyovunjika. Mwaka 1998 maabara ya Frances Arnold, aliyekuja kupata Nobel mwaka 2018, ilikiongezea kimeng'enya kimoja ustahimilivu wa zaidi ya nyuzijoto 14 bila kukipotezea kasi yake kwenye joto la chini.

Maji ya kunywa nachemsha. Sasa nimeanza kuogopa. (Mama lishe, Dodoma)

Endelea kuchemsha, dada. Kwa vijidudu hivi mwili wa binadamu ni jokofu, baridi mno kwao kustawi.

Nasikia kipimo cha PCR tulichopimwa wakati wa korona kilitokana na chemchemi. Kweli? (Msomaji, Mombasa)

Kweli kabisa. Mwaka 1966 Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze (jina lake kwa Kiingereza ni kuganda kwa baridi, si utani wangu) walichota sampuli kwenye Mushroom Spring huko Yellowstone, Marekani, maji ya nyuzijoto 70 hivi. Mwaka 1969 wakakitangaza kijidudu chao kwa jina Thermus aquaticus. Baadaye wakakikuta hata kwenye bomba la maji ya moto.

Kary Mullis alipobuni PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, mwaka 1983, kila mzunguko ulitaka DNA ipashwe moto hadi kama nyuzijoto 95 ili nyuzi zake mbili ziachane. Kimeng'enya cha E. koli, bakteria wa utumboni, kilichotumika kunakili kilikuwa kinakufa kila mara, mtu akawa anakaa hapo na kipimio chake kuongeza kingine, mzunguko baada ya mzunguko. Kile cha Thermus kwenye nyuzijoto 95 huchukua kama dakika 40 kupoteza nusu ya nguvu. Unakitia mara moja, unafunga mashine, unakwenda kunywa chai. Na umbo lake lilipoonekana, ile sehemu inayonakili ilifanana na ya E. koli: mkono wa kuume wenye kidole gumba, kiganja na vidole.

Mwisho wa joto ni wapi? (Msomaji, Lamu)

Rekodi ni nyuzijoto 122. Mwenye nayo ni kijidudu aitwaye Methanopyrus kandleri, alitolewa kwenye tundu la maji ya moto chini ya Bahari ya Hindi, hii hii yenu, ila mbali sana na kina kirefu. Wajapani waliitangaza mwaka 2008, baada ya kumkuza kwenye shinikizo kubwa linalozuia maji yasichemke. Mashine ya hospitali ya kutakasa vyombo kwa mvuke huwekwa kwenye 121. Juu zaidi ya hapo protini huenda zingevumilia bado. Vinavyowahi kuvunjika ni vitu vidogo kama ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya kiumbe, ambayo kwenye moto huo haidumu, na kiumbe kinalazimika kuitengeneza upya kwa kasi kuliko inavyoharibika.