Dionysiaques haikuwa ya okestra

Ndugu, uliuliza kama kazi ya muziki iitwayo Dionysiaques iliandikwa kwanza kwa okestra kisha ikageuzwa ya bendi. Hapana, haikuwa hivyo. Florent Schmitt, mtunzi Mfaransa, aliiandika moja kwa moja kwa ajili ya bendi ya vyombo vya kupuliza mwaka 1913, akiilenga bendi ya Garde Républicaine (kikosi cha walinzi wa Jamhuri) ya Paris, yenye wapigaji kama mia hivi. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaingilia kati, ndiyo maana ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza Juni 1925, kwenye bustani ya Luxembourg, huko huko Paris. Miaka 12 imekaa kabatini!

Jina linatokana na Dionysus, mungu wa mvinyo wa Wagiriki, na ukisikiliza utaelewa. Inaanza polepole, vyombo vizito vya chini vinanguruma kama mtu anayeamka na uchovu wa jana, kisha taratibu inageuka ngoma ya walevi hasa. Ni kama dakika kumi tu, lakini klarineti zinatoka jasho.

Bendi nyingi leo hazina saxhorn zote (vyombo vya shaba vya kupuliza) alizoandikia Schmitt, kwa hiyo hupunguza au kubadilisha. Mimi ningekushauri utafute rekodi ya bendi ya Kifaransa kwanza.