Gari kushtuka ukishusha gia

Ndugu, gari kushtuka ukitoka gia ya nne kwenda ya tatu pale mteremko wa Kitonga si lazima liwe bovu. Ni mizunguko ya injini kutolingana na gia uliyoingiza. Kama kwenye ya nne injini inazunguka mara 2,000 kwa dakika, kwa mwendo uleule ya tatu itataka kama 2,800, kutegemea gari. Ukiachia klachi mizunguko ya injini ikiwa chini, matairi ndiyo yanaivuta ipande, na klachi pleti inalika bure.

Kanyaga klachi, ingiza ya tatu, gusa mafuta kidogo mshale wa mizunguko (RPM) kwenye dashibodi upande, halafu achia klachi. Zoezi hili anzia barabara tambarare. Na tafadhali sana, mteremkoni punguza mwendo kwa breki kwanza. Kwenye lami iliyolowa mshtuko huo unaweza kutelezesha matairi.