Kutoka Benki ya Uwekezaji kwenda Mfuko wa Mtaji Binafsi: Ushauri kwa Wachambuzi Vijana wa Tanga

Mchambuzi wa benki ya uwekezaji, yaani benki inayosimamia uuzaji wa kampuni kwa niaba ya wateja, hulipwa kwa sababu kampuni imeuzwa. Mtu wa mfuko wa mtaji binafsi, unaokusanya fedha za wawekezaji ili kununua kampuni na kuziuza baadaye, hulipwa kwa sababu kampuni aliyoinunua imepanda thamani, na jambo hilo huchukua miaka mitano au zaidi kujulikana. Nilifanya kazi ya kwanza mjini Nairobi kabla ya kuhamia ya pili, na kila nirudipo nyumbani Tanga hukutana na vijana waliosomea uhasibu na fedha wanaodhani kwamba kuhama huko kunahitaji ujuzi zaidi wa Excel tu. Excel ni lazima. Lakini wengi niliowaona wakishindwa kwenye usaili walikuwa mafundi wa hesabu ambao hawakuwahi kujiuliza hata siku moja kama wangeweka fedha katika kampuni waliyokuwa wakiinadi.

Kwanza niondoe jambo moja njiani. Maelezo mengi mnayoyasoma kuhusu safari hii yanatoka New York, ambako mchambuzi huajiriwa kwa mpango wa miaka miwili na mifuko imezoea kumfuata hata kabla hajazoea kiti chake. Hali ilifika mahali ambapo mwaka 2025 benki ya JPMorgan iliwaonya wachambuzi wake wapya kwamba atakayekubali kazi ya baadaye kwingine mapema mno ataachishwa kazi, na mfuko wa Apollo ukasema hautafanya usaili mwaka huo kwa nafasi za 2027. Msipange maisha yenu kwa kalenda hiyo. Mifuko inayowekeza Afrika Mashariki ina timu ndogo, mingi ina ofisi Nairobi, na huajiri mtu anapoondoka au mfuko mpya unapochangishwa. Huchukua pia watu kutoka kampuni za ukaguzi wa hesabu na za ushauri. Kwa hiyo mwanasheria, mkaguzi na ofisa wa mfuko mliokutana naye upande wa pili wa meza, hasa yule aliyetoa bei akashindwa, ndio watakaojua nafasi ikipatikana. Endeleeni kuwasiliana nao.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe, kwa sababu hapo ndipo tofauti ya kazi hizi mbili inapoonekana wazi. Chukua kampuni yenye faida ya shilingi bilioni 4 kwa mwaka kabla ya riba, kodi na uchakavu, ikanunuliwa kwa mara sita ya faida hiyo, yaani bilioni 24. Faida ikikua kwa asilimia 10 kila mwaka, baada ya miaka mitano itafika takriban bilioni 6.4, na ukiuza kwa mara sita zilezile utapata karibu bilioni 38.6. Katika benki, ukurasa huo ungepambwa na kupelekwa kwa mteja. Katika mfuko, ndipo maswali huanza. Fedha za mfuko ni za dola, na shilingi ikishuka kwa asilimia 4 kwa mwaka, ile asilimia 10 inabaki chini ya 6, wakati wenye fedha kwa kawaida hutaka angalau asilimia 8 kabla ya wasimamizi kupata mgawo wao wa faida wa asilimia 20. Wala mkopo hauokoi hesabu hii kama unavyofanya Marekani. Ukilipa nusu ya bei kwa mkopo wa shilingi wenye riba ya asilimia 15, riba peke yake ni bilioni 1.8 kila mwaka, itakayotoka kwenye faida ambayo bado haijalipa kodi wala kununua mashine. Ndiyo sababu mifuko yetu hutegemea ukuaji wa biashara kuliko mkopo, na ndiyo sababu utaulizwa kwa ukali kabisa: ukuaji huo utatoka wapi?

Mahali pa kujizoeza kujibu swali hilo ni hapahapa Tanga. Someni historia ya karibuni ya Tanga Cement, kampuni ya saruji iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam na ambayo taarifa zake ziko wazi. Oktoba 2021 Scancem, kampuni tanzu ya HeidelbergCement, ilitangaza kununua asilimia 68.33 ya hisa zake kutoka AfriSam, ilhali tayari ilikuwa na hisa nyingi za Twiga, kampuni nyingine ya saruji nchini. Septemba 2022 Baraza la Ushindani, linalosikiliza rufaa, lilitengua idhini ya ununuzi huo iliyokuwa imetolewa na Tume ya Ushindani. Ununuzi ulikuja kukamilika 2023, na mwaka uliofuata hisa hizo zikauzwa kwa kampuni ya Kitanzania ya Amsons. Mchambuzi wa benki huona hapo ada iliyochelewa. Mwekezaji anapaswa kuona muda: fedha ikizaa mara mbili kwa miaka mitano ni karibu asilimia 15 kwa mwaka, ikichukua miaka saba ni karibu 10 tu.

Kisha tazameni mkonge, ambao kwangu una somo zito zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza duniani; kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki takriban 20,000. Kamba za plastiki, bei iliyoporomoka na mabadiliko ya umiliki baada ya utaifishaji wa 1967 vyote vilichangia. Ukiandika leo kwamba shamba la mkonge linafaa kununuliwa, lazima ueleze nani atanunua singa zake, yaani nyuzi za mkonge, miaka kumi ijayo na kwa nini hatazihama. Lazima pia useme ardhi ina hati ya miaka mingapi iliyobaki, kwa sababu kwa sheria zetu ardhi ni ya umma na hati miliki haizidi miaka 99.

Andikeni. Kila kampuni mnayoifanyia kazi benki, andikeni kwa siri yenu kurasa tatu bila michoro: ningenunua au nisingenunua, kwa bei gani, nini kikiharibika nitapoteza fedha, na nani atainunua kutoka kwangu. Msitoe siri za mteja nje. Faida iko kwenye zoezi. Mimi nilipofanyiwa usaili, jaribio la modeli, yaani kujenga hesabu za kampuni kwenye Excel, lilimalizika mapema, na muda mrefu uliobaki niliulizwa ni biashara ipi kati ya nilizozifanyia kazi ningeikataa. Nilikuwa na jibu kwa sababu nilikuwa nimeliandika zamani.

Jifunzeni pia kutoka nje ya ofisi. Kampuni nyingi za ukanda huu ni za familia, na wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimewahi kukuta mali ghalani iliyotofautiana kabisa na vitabu, na aliyenionyesha alikuwa mtunza ghala, kwa heshima na bila kuficha, baada ya kumwamkia na kukaa naye. Mzee mwenye kampuni naye hatakuuzia hisa kwa sababu ya jedwali lako. Atataka kujua utamtendeaje yeye, watoto wake na wafanyakazi aliokaa nao miaka yote.

Mshahara sitausemea sana: unaweza usitofautiane mno na wa benki mwanzoni, na mgawo wa faida huchelewa miaka.

Mkipata nafasi, ulizeni mfuko una umri gani kabla ya kusaini. Mifuko mingi huishi takriban miaka kumi, na hununua katika ile mitano ya kwanza. Ukiajiriwa katika mwaka wa nane na hakuna mfuko mwingine unaochangishwa, utashiriki kuuza kampuni zilizochaguliwa na wengine, kazi ambayo tayari ulikuwa ukiifanya benki.